Vitenzi Viwili Katika Nyumba ya Maziwa

Mtaalamu wa kompyuta aliyetoka Goma alianza vibaya, na kosa halikuwa lake peke yake. Alisimama mbele ya wafugaji wa chama chetu, katika nyumba ya Mushaki ambamo maziwa hukusanywa kabla ya kugeuzwa jibini, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Leo tunapashwa kuchagua. Ao tunaunganisha, ao tunapakia."

Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, kwa sababu nilialikwa kama msomaji wa hati na si kama mwanachama. Mimi si mfugaji. Wazazi wangu walilima maharagwe na mihogo kwenye miteremko ya Masisi, nami nilifundisha Kilatini katika shule ya mapadre, kisha sarufi ya Kiswahili, hadi nilipostaafu. Wafugaji waliniita Mwalimu wa Maharagwe, nusu kwa mapenzi, nusu kwa kunikumbusha nilizaliwa upande gani wa ua. Hata hivyo walikuwa na imani, ambayo sijui waliipata wapi, kwamba mtu aliyezoea kuchambua sentensi za watu waliokufa zamani ataweza pia kuchambua maneno ya mtu anayeuza programu.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Chama kilikuwa na programu yake, ambayo ndani yake waliandika ng'ombe, chanjo, maziwa na jibini. Wafanyabiashara wa Mpofi, katika Walikale, walikuwa na programu nyingine ya maagizo na mauzo, kwa kuwa jibini letu huteremka kutoka milimani hadi kwao msituni likiwa nyuma ya pikipiki. Programu hizo mbili hazikufahamiana. Ilitakiwa chombo cha kupitisha habari kutoka moja hadi nyingine, na vyombo vilivyokuwepo sokoni vilikuwa vya aina mbili.

Hayo yote mtaalamu aliyajua vizuri. Hakujua tu jinsi vitenzi vyake vilivyosikika katika nyumba ile.

Mzee mmoja aliyeketi mbele alivua kofia. "Kuunganisha ngombe zetu na za nani?"

"Haiko ngombe, Papa. Iko programe mbili."

"Programe inakunywaka maziwa?"

"Hapana."

"Basi inatafuta nini mu nyumba ya maziwa?"

Watu walicheka, na mtaalamu alicheka nao, jambo lililokuwa la busara. Kisha akafanya jambo lisilo la busara. "Sawa," alisema, "kama hamupendi kuunganisha, tutapakia."

Kicheko kilikatika. Kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi, neno hilo likitajwa mbele ya mwenye ng'ombe lina maana moja tu: mnyama anapandishwa kwenye lori, anafungwa kamba shingoni, na mwenyewe hatarajii kumwona tena. Wapo waliopakia wenyewe siku ya kukimbia. Wengine walipakiliwa na watu ambao hawakuomba ruhusa. Hivyo, kwa masikio ya watu wale, mgeni alikuwa amewapa nafasi ya kuchagua ama mifugo yao ichanganywe na ya wasiowajua, ama ibebwe.

Mwenyekiti wa chama alikuwa mama mjane, mfugaji wa hapo hapo Mushaki, ambaye katika mikutano alipenda kuketi ameshika fimbo ya kuchungia kana kwamba ng'ombe wake wako nje wanamsubiri. Aliinyoosha fimbo hiyo kwangu.

"Mwalimu, simama. Huyu muntu anasema Kiswahili lakini haiko ya kwetu. Tufasirie."

Nilifasiri kwa kutumia kilichokuwa mbele yangu. Kupakia, niliwaambia, ni kama bidoni la maziwa. Asubuhi unamimina unachotaka, unafunga kifuniko, pikipiki inaondoka. Kule Mpofi wanapokea ulichowatumia, kama kilivyokuwa ulipokifunga. Kuunganisha ni kama kutoboa ukuta baina ya nyumba mbili na kupitisha bomba: maziwa yanapita kila saa, hakuna anayebeba wala anayesubiri.

"Na bomba iko na mulango?" aliuliza mama mwenyekiti.

"Inao."

"Unafungukia upande gani?"

Mtaalamu alisema kwamba hilo ni swali la kiufundi. Mama alimtazama kwa muda, kisha akanigeukia mimi.

"Utasoma karatasi zake zote, Mwalimu, na utatuambia tuchague ipi. Jibini, wafanye wanavyotaka. Mimi nashikilia kitu kimoja: mahali ngombe zangu zinalala isitoke hapa."

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyehitaji kuelezwa. Katika milima yetu mtu huulizwa habari za majani, za mvua, za ndama, za maziwa yaliyopungua au kuongezeka; haulizwi ng'ombe wake wako wapi. Mume wa mama huyu alikuwa na kundi zuri, na siku moja mchana watu wenye bunduki walilifuata moja kwa moja bondeni, bila kupotea njia hata mahali pamoja, kama watu walioonyeshwa kwa kidole. Kundi lilikwenda lote. Mume naye hakuishi sana baada ya hapo. Ng'ombe alionao sasa mama aliwapata upya, kwa kununua mmoja baada ya mwingine, na malisho yao aliyajua mchungaji wake na daktari wa mifugo, basi. Daktari hakuwa na njia ya kuchanja ng'ombe asiojua walipo, na kwa kupitia kwake jina la bonde liliingia katika programu ya chama, katika kisanduku kilichoitwa malisho.

Nilirudi kwangu, katika mji wa Masisi, na karatasi za mtaalamu, nikafanya nilichofundishwa kukifanya mbele ya kila neno linalonitia shaka: nililivunja. Ndani ya kuunganisha mna kuunga. Kisha mna kiambishi kinachosema kwamba wawili wanatendeana. Kisha mna kingine kinachosema kwamba yupo wa tatu anayewafanya watendeane. Huyo wa tatu hatajwi katika karatasi yoyote. Zilijaa "mifumo itaunganishwa", "habari zitaonyeshwa", "mabadiliko yatafikishwa papo hapo". Vitenzi vyote viliwekwa katika kauli ya kutendwa, na mtenda alikuwa ameondolewa kwa ustadi ambao ningeusifu laiti ungekuwa wa mwanafunzi wangu.

Kupakia ni neno lisilo na makuu. Lina kinyume chake, kupakua, na baina ya hayo mawili mna safari. Anayepakia anaujua mzigo kwa sababu ameushika. Lakini nilijilazimisha kuandika pia upande wa pili, kwa maana chuki juu ya kitenzi haitoshi kuwa hoja: mzigo uliopakiwa asubuhi unasema habari za asubuhi. Jibini likiuzwa saa moja baadaye, Mpofi hawajui. Waliotaka kuunganisha walikuwa na haki ya kulalamika, nami nilitaka kuwasikia wakilalamika kwa vinywa vyao. Nilitaka pia kuona nyuso zao.

Nilikwenda Mpofi kwa pikipiki. Njia ilikuwa matope, na pale tulipotoka katika vilima vya majani na kuingia msituni hewa ilikuwa nzito kama ya jikoni. Mfanyabiashara niliyemfuata ndiye aliyewasemea wenzake wote, papa mwenye mabega mapana na duka la mabati, ambaye jibini letu alilipanga juu ya majani ya migomba ili lisitoe jasho.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Nilingojea muntu wa ordinatere, wa kompyuta, wananitumia muntu wa Kilatini."

"Walikosa mwingine."

"Hapana. Walitafuta muntu asiyeamini watu, njo walikupata wewe."

Aliagiza niletewe ndizi na samaki wa mtoni, akanieleza shida yake, na shida yake ilikuwa ya kweli. Aliwahi kupokea orodha ya asubuhi iliyosema jibini lipo, akatuma pikipiki; ilipofika, jibini lilikuwa limekwisha kuuzwa Sake. "Dereva alirudia na mvua tu," alisema. "Wenye walikuwa wanangojea wakaniuliza kama mvua nauza kwa kilo. Mwalimu, orodha ya asubui iko kama ugali ya jana. Unakula, lakini haufurahi."

Nilicheka, na nilimwamini. Kisha akachomoa simu ili anionyeshe uzuri wa kuunganisha, kwa sababu mtaalamu alikuwa amewafungulia bomba dogo la majaribio. Chama hakikuwa na habari za jaribio hilo. Jibini lilijipanga kwenye kioo, moja chini ya jingine, na kila lililouzwa lilitoweka papo hapo. Nilikiri kwamba ni kazi nzuri. Aligusa jibini mojawapo, na chini yake pakafunguka maelezo: uzito, siku ya kutengenezwa, chanjo ya ng'ombe. Mstari wa mwisho ulisema malisho, na jina la bonde lililoandikwa mbele yake lilikuwa la mama mwenyekiti.

"Na hii inakusaidia nini?" niliuliza.

"Ipi?"

"Hii ya chini."

"Ah." Kidole chake kilipandisha maelezo juu, mstari ukafichika. "Wenye kununua wanapenda kujua jibini ilitoka wapi."

"Wanakuulizaka?"

"Wengine."

"Nani, kwa mufano?"

"Watu, Mwalimu. Watu wanauliza. Kula samaki, inapoa."

Nilikula. Nilimrudishia swali mara nyingine kwa njia ya kuzunguka, nikiuliza wanunuzi wake wanapenda jibini la mlima upi, naye akajibu kwamba hawajui milima, wanajua chumvi. Majibu hayo mawili hayakukaa pamoja. Huenda alikuwa mtu anayesema chochote kinachomjia ili mgeni aridhike. Watu wa namna hiyo ni wengi na hawana ubaya. Huenda kulikuwa na jambo jingine. Nimelipima suala hilo mara nyingi tangu wakati huo, na sina ushahidi wa kuniegemeza upande wowote.

Mtaalamu nilimkuta Masisi, kwenye benchi nje ya kibanda cha kuchajia simu. Nilimwomba anionyeshe jedwali linalosema habari ipi ya programu yetu inakwenda wapi katika programu ya Mpofi. Alinionyesha bila kusita. Kila kisanduku cha upande wetu kilikuwa na mshale.

"Kwa nini na malisho?"

"Nilichukua yote. Kuchagua inakamata muda."

"Unaweza kuitoa?"

"Niko naitoa sasa." Aligusa, mshale ukatoweka. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho.

"Na kuirudisha?"

"Vilevile."

"Sisi tutajuaje kama imerudishwa?"

"Hamutajua. Mpaka muniulize."

"Na tukikuuliza, tutajuaje kama jibu ni ya kweli?"

Alinitazama kwa mshangao usio na hasira. "Mwalimu, na bibi yako unamuulizaka hivi?"

"Mke wangu hana neno la siri la chama."

Alicheka hadi akafuta macho. Sikuona hila kwake. Alinieleza kwa uaminifu kwamba bomba likishakuwepo, anayelishika anaweza kulipanua akiwa Goma au popote, na kwamba hata yeye siku moja ataacha kazi hiyo na kumwachia mtu mwingine. Aliyasema hayo kama sifa za chombo chake. Ningalifurahi zaidi kama ningaliona hila, kwa kuwa mwenye hila mtu humvizia kwenye mlango mmoja. Huyu alikuwa ameacha milango yote wazi kwa sababu tu kufunga kunachosha, na sikujua nani mwingine alikuwa amepita.

Nilimfuata mama mwenyekiti Mushaki kabla ya mkutano. Tulisimama nyuma ya nyumba ya maziwa, mahali ambapo mabidoni hukaushwa yakiwa yamepinduliwa. Nilimwambia nilichokiona Mpofi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamtajia jina la bonde.

Uso wake haukubadilika, ila fimbo aliihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Kwa hiyo Mpofi wanajua," alisema. "Enformatisien wa Goma anajua."

"Ndiyo, Mama."

"Na sasa na wewe." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayehesabu watu watakaokula. "Asante, Mwalimu. Umefanya vizuri kunijulisha."

Katika mkutano nilisoma pendekezo langu. Tupakie. Orodha itayarishwe Mushaki asubuhi na tena mchana, na wanachama wawili waisome kabla haijatumwa, kama maziwa yanavyoonjwa kabla ya kumiminwa. Ndani yake iwemo aina ya jibini, uzito wake, na kama ng'ombe amechanjwa, visiwemo vingine. Mnunuzi apige simu kabla ya kutuma pikipiki. Nilisema wazi kwamba kwa njia hiyo Mpofi watachelewa kupata habari, kwamba mara nyingine watakosea, na kwamba hiyo ni bei tunayoilipa kwa kujua tumetuma nini.

Papa wa Mpofi alikuwa amepanda hadi Mushaki kutetea bomba lake, na mama mwenyekiti alimpa kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama.

"Mama, hii karatasi inaturudisha nyuma," alisema papa. "Mimi nauza jibini. Sina kazi na siri za muntu."

"Unauza jibini."

"Njo kazi yangu."

"Jibini haina miguu, Papa. Haina haja ya kujua ngombe alilala wapi."

"Mama, unaniona muizi?"

"Sijakuona muizi. Sijakuona kitu. Njo maana umekaa kwenye kiti yangu."

Hata yeye alitabasamu. Alieleza tena habari za dereva na mvua, na watu walimhurumia kwa dhati. Mzee wa kofia alimshauri kwamba mvua ya Masisi ni nzuri, aendelee tu kuiuza. Kisha mikono ikainuliwa, na kupakia kukashinda. Neno lenyewe halikumwogopesha mtu tena, kwa kuwa safari hii kila mmoja alijua kilichokuwa kinapandishwa.

Mtaalamu alilifunga bomba la majaribio mbele yetu sote na kumpa papa simu yake aone kwamba halifunguki. Mama mwenyekiti aliinama kutazama kioo kilichobaki cheupe.

"Na ile yenye muntu alishasoma na kuweka mu kichwa," aliuliza, "tunafutaje?"

Mtaalamu alidhani anatania. Alipoona hatanii, alisema kwamba hilo programu haiwezi. Papa wa Mpofi alikuwa anatazama mlango. Mimi nilikuwa natazama karatasi yangu, ambayo nilikuwa nimeisoma hadi mwisho.

Kwa muda Mpofi walinunua jibini kidogo, nasi tukanung'unikiana; kisha simu zikaanza kulia asubuhi na biashara ikarudi karibu na ilivyokuwa. Niliendelea kwenda Mushaki kusoma orodha pamoja na wanachama waliochaguliwa. Ndipo daktari wa mifugo alipofika akiwa na matope hadi magotini na uso wa mtu aliyechezewa. Alikuwa amekwenda kwenye bonde la mama mwenyekiti na sanduku lake la chanjo, akakuta majani yamesimama na kinyesi kilichokauka.

"Mama, ngombe ziko wapi?" aliuliza, na mara moja akajuta, kwa maana watu watatu waligeuza shingo.

"Ziko na afya," alisema mama. "Weka sanduku yako hapa. Mimi nitazileta barabarani."

"Zote?"

"Wewe uko na sindano, mimi niko na ngombe. Wewe ungojee."

Tulingoja. Kulikuwa na zizi la miti kando ya barabara, lililotumika siku za soko, na daktari alipanga vitu vyake juu ya ukuta wa mawe. Nilikuwa pale na simu ya chama ili kuingiza chanjo zilizokwisha kutolewa, kwa kuwa daktari mikono yake ingekuwa michafu. Nilipofungua ukurasa wa mama niliona kisanduku cha malisho kimebadilishwa. Programu haikukubali kiachwe kitupu, hivyo mtu alikuwa ameandika ndani yake: Masisi. Niliwaza kwamba, kwa kuwa milima yetu yote ni Masisi, ni jibu sahihi kabisa, na kwamba haliwezi kumfikisha mtu popote.

Mama aliondoka na mchungaji wake. Nilisikia kengele moja, mbali, upande ambao sikuutarajia. Katika milima yetu sauti hupinda, na ningaliweza kujidanganya. Lakini kengele ikasikika tena, na nilijua kwamba nikiinua macho nitaona wanatokea katika mkunjo upi wa kilima, na nikishaona sitaweza kusema kwamba sikuona. Nikageuka, nikauelekeza uso wangu kwenye njia ya kuteremka Sake.

Kwato zilifika nyuma yangu, pamoja na harufu ya ng'ombe na sauti ya mchungaji akiwataja mmoja mmoja. Daktari alianza kazi yake. Baada ya muda nilihisi mama mwenyekiti amesimama kando yangu.

"Unaangalia nini huko, Mwalimu?"

"Barabara."

"Iko na nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

Ng'ombe wa kwanza kuchanjwa alikuwa tayari ameachiliwa na alianza kurudi alikotoka.

"Basi endelea kuangalia," alisema, na akawafuata ng'ombe wake.